Uchumi unakua asilimia 6, misitu na madini vinapungua: tunapimaje kama wajukuu wanaachiwa mali au deni?

Mzani ameuliza:

Wakuu, naomba msaada wa hesabu.

Mjadala wa ukuaji wa uchumi na mazingira hauishi kwa sababu pande zote mbili huongea bila namba. Mmoja anasema uchumi ukikua hata ambao hawajazaliwa watafaidika. Mwingine anasema tunakula mali ya watoto. Nataka njia ya kupima nani ana haki.

Chukueni nchi ya mfano. Pato lake la mwaka ni bilioni 1,000 (fedha yoyote, haijalishi). Pato linakua asilimia 6 kwa mwaka na watu wanaongezeka asilimia 2.5. Kuna machimbo ambayo, ukishatoa gharama zote za kuchimba, yanabakiza bilioni 90 kwa mwaka. Kwa kasi ya sasa madini yatakwisha baada ya miaka 20. Misitu inakatwa mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka, huku inayoota ni milioni 3. Akiba ghafi ya taifa ni bilioni 240, uchakavu wa mitambo na majengo ni bilioni 110, na matumizi ya elimu ni bilioni 40.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, nitajuaje kama ukuaji huu unaongeza utajiri au unauza tu vilivyokuwepo? Pili, machimbo yataacha bwawa la topesumu (tope lenye sumu linalobaki baada ya kutoa madini) ambalo maji yake lazima yasafishwe milele, bilioni 2 kila mwaka kuanzia mwaka wa 20. Kwenye upembuzi wa mradi gharama hiyo imeonekana ndogo mno, kana kwamba haipo. Je, imekosewa au ndivyo hesabu inavyokwenda?

---

Daftari_la_Mali amejibu:

Ndugu Mzani, umeweka namba mezani, ahsante. Nitajibu swali la kwanza. La pili nawaachia wenzangu.

Chanzo cha tatizo ni kwamba Pato la Taifa linapima mtiririko, halipimi mali. Mkulima akiuza ng'ombe wake wote mwaka huu, fedha iliyoingia mfukoni ni kubwa kuliko mwaka wowote, lakini zizi ni tupu. Pato la Taifa linaandika fedha na halina safu ya zizi. Hata uchakavu wa mitambo haukatwi humo. Ndiyo maana linaitwa ghafi. Toleo la 2025 la mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa sasa linataka upungufu wa maliasili uhesabiwe kama gharama ya uzalishaji, ila unatokea kwenye pato halisi, yaani lililokwisha kutolewa uchakavu. Namba inayotangazwa kwenye habari inabaki ile ile ya ghafi.

Unachokitafuta ni akiba halisi: tunachoweka, toa tunachokimaliza. Anza na jedwali la vitu vyenyewe kabla hujagusa fedha. Kwa kila rasilimali andika akiba ya mwanzo wa mwaka, ongeza iliyoota au iliyogunduliwa, toa iliyovunwa, toa iliyoteketea kwa moto au wadudu, upate akiba ya mwisho. Wengi wanaruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye bei, kisha bei ikipanda wanadhani msitu umeongezeka.

Baada ya hapo ndipo uweke thamani. Thamani ya kitu kilichomalizwa siyo bei yake sokoni, ni ziada ya rasilimali: bei, toa gharama za kuvuna, toa uchakavu wa mashine zilizovuna, toa faida ya kawaida ya mtaji uliowekezwa kwenye mashine hizo. Kinachobaki ni mchango wa maumbile yenyewe. Tuseme mita ya ujazo ya gogo inauzwa 50,000 na gharama zote, pamoja na faida ya kawaida, ni 30,000. Ziada ni 20,000. Mita milioni 2 zilizokatwa juu ya zile zilizoota, mara 20,000, ni bilioni 40.

Kuna ruzuku na kodi pia. Kama serikali inatoa ruzuku ya mafuta kwa wavunaji, iondoe, kwa sababu faida inayotokana na ruzuku haikutoka msituni. Kama kuna mrabaha au kodi maalumu ya uvunaji, irudishe ndani, kwa sababu hiyo ni ziada ile ile, imebadilisha mfuko tu. Na bei tumia wastani wa miaka mitano, la sivyo matokeo yatayumba na soko.

Sasa jumlisha, kwa bilioni:

Akiba ghafi 240
Toa uchakavu 110, inabaki 130
Ongeza elimu 40 (ni uwekezaji kwenye ujuzi wa watu), inakuwa 170
Toa ziada ya madini 90, inabaki 80
Toa msitu 40, inabaki 40

Hukutaja uchafuzi. Chukulia madhara ya vumbi na moshi kwa afya ni bilioni 20 na madhara ya hewa ukaa ni bilioni 30. Akiba halisi inakuwa hasi 10. Nchi inayokua asilimia 6 imemaliza mwaka ikiwa maskini kidogo kuliko ilivyouanza. Sheria ya Hartwick, ya mwaka 1977, inasema ili matumizi ya vizazi yasishuke, ziada yote ya rasilimali inayokwisha iwekezwe kwenye mtaji mwingine. Hapa haikuwekezwa yote.

---

Kokotoo amejibu:

Nakubaliana na mpangilio wa Daftari, ila siafiki kukata bilioni 90 zote za madini.

Kama madini yangekuwa ya kutosha miaka 500, kuuza ya mwaka huu kusingemnyima mtu yeyote chochote kwa muda mrefu sana. Kuita ziada yote "mtaji uliomalizwa" kungekuwa kutia chumvi. Kama yanakwisha mwaka huu huu, karibu ziada yote ni mtaji. Mchumi Salah El Serafy alitoa fomula ya kugawa katika miaka ya 1980: sehemu ya kuwekeza ni 1 gawanya kwa (1 + r) ikipandishwa kipeo (n + 1), ambapo r ni faida halisi (baada ya kuondoa mfumuko wa bei) unayotarajia kwenye uwekezaji na n ni miaka iliyobaki. Sehemu inayobaki ni pato unaloweza kulila bila kumdhulumu mtu.

Kwa miaka 20 na asilimia 5: 1.05 kipeo cha 21 ni 2.786, hivyo sehemu ya kuwekeza ni asilimia 35.9. Katika bilioni 90, weka bilioni 32.3, kula bilioni 57.7. Ikiwa imebaki miaka 10, weka asilimia 58.5. Ikiwa imebaki 50, asilimia 8.3 inatosha.

Angalieni lakini r inavyocheza. Tukiwa waangalifu na kuchukua asilimia 3, sehemu ya kuweka kwa miaka 20 inapanda hadi asilimia 53.8, yaani bilioni 48.4. Anayejiahidi faida kubwa anajiruhusu kula zaidi leo, na kama faida hiyo haikuja, deni ni la watoto. Kwa hiyo r isitoke kwenye matarajio ya wizara. Itoke kwenye faida ambayo mfuko umeipata kweli baada ya kuondoa mfumuko wa bei.

Kwa asilimia 5, akiba halisi ya nchi ya Mzani si hasi 10, ni chanya 48 hivi.

---

Mzani:

Hapo nimekwama. Njia moja inasema tunafilisika, nyingine inasema tuko salama. Niandike ipi?

---

BintiTakwimu amejibu:

Andika zote mbili, kisha fanya hatua ambayo wote wawili wameiruka: gawa kwa watu.

Mali isipopungua lakini warithi wakaongezeka, fungu la kila mmoja linapungua. Chukua utajiri wote uliohesabiwa wa nchi hiyo (majengo, mitambo, barabara, mashamba, misitu, madini) kuwa mara 5 ya pato la mwaka, yaani bilioni 5,000. Watu wakiongezeka asilimia 2.5, unahitaji akiba halisi ya bilioni 125 kila mwaka ili kila kichwa kibaki pale pale. Sasa linganisha:

Kwa hesabu ya Daftari: hasi 10, toa 125, ni hasi 135. Utajiri kwa kila mtu unashuka asilimia 2.7.
Kwa hesabu ya Kokotoo: 48, toa 125, ni hasi 77. Unashuka asilimia 1.5.

Ugomvi wao ni wa kweli kitaalamu, lakini haubadilishi jibu la swali lako. Pato kwa kila mtu linapanda takriban asilimia 3.4 na utajiri kwa kila mtu unashuka, kwa wakati mmoja. Hakuna mkanganyiko: mambo hayo mawili huenda pamoja mpaka siku rasilimali inapoisha.

Kwenye elimu pana mtego. Daftari ameongeza bilioni 40 za elimu upande wa akiba, lakini utajiri wa bilioni 5,000 niliouweka hauna ujuzi wa watu ndani yake. Hiyo ni kupima kwa mizani mbili. Ama uondoe elimu (pengo linakua kwa 40), ama uweke ujuzi wa watu kwenye utajiri, na hapo bilioni 125 itapanda sana. Vyovyote vile picha inakuwa mbaya zaidi. Na matumizi ya elimu si elimu: mishahara ya walimu ikilipwa na watoto wasijue kusoma, hakuna mtaji uliojengwa.

Atakayejibu "teknolojia itafidia" ana hoja, maana ufanisi ukipanda mali kidogo huzalisha zaidi. Basi aiweke kama namba na aonyeshe imetoka kwenye rekodi ipi ya miaka iliyopita. Isiwe neno la kuzibia pengo.

Kuhusu kuwekeza: kuweka fedha kwenye mfuko peke yake hakutoshi, kanuni ya kutoa ndiyo muhimu. Norwei ilitunga sheria ya mfuko wa mafuta mwaka 1990, fedha ya kwanza ikaingia 1996, na tangu 2001 serikali ilijiwekea kutumia kwa wastani faida halisi tu, iliyokadiriwa kuwa asilimia 4. Mwaka 2017 makadirio yakashushwa hadi 3. Angalieni jambo hilo la mwisho: faida inayotarajiwa ilipopungua, nao walipunguza kula. Nauru nayo ilikuwa na mfuko wa fedha za fosfeti, lakini sehemu kubwa ilipotea kwenye uwekezaji mbovu na matumizi, na fosfeti ilipokwisha sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa ilikuwa mashimo na mawe. Kanuni ya kuweka bila kanuni ya kutoa ni debe lenye tundu.

---

Kokotoo:

Hoja ya watu naipokea, niliisahau. Turudi kwenye swali la pili la Mzani, la topesumu, kwa sababu hapo ndipo vizazi vijavyo hufutwa kimyakimya, ndani ya seli moja ya jedwali.

Bilioni 2 kila mwaka milele, kuanzia mwaka wa 20. Thamani yake ikisimama mwaka wa 19 ni 2 gawanya kwa kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo fedha ya baadaye hupunguzwa kwa kila mwaka ili kupata thamani yake ya leo. Kisha unairudisha miaka 19 nyuma.

Kwa asilimia 10: bilioni 20, gawanya kwa 6.116, ni bilioni 3.3.
Kwa asilimia 3: bilioni 66.7, gawanya kwa 1.7535, ni bilioni 38.
Kwa asilimia 2: bilioni 100, gawanya kwa 1.4568, ni bilioni 68.6.

Bwawa ni lile lile, maji yale yale. Asilimia 10 inasema mzigo wa milele una thamani ndogo kuliko miaka miwili ya kuulipa. Kwa hiyo, Mzani, kikokotoo hakikukosea. Aliyekosea ni aliyechagua kiwango.

Makosa ninayoyatafuta kwanza katika upembuzi wa aina hii:

Kuchanganya riba ya jina (ambayo mfumuko wa bei haujaondolewa) na gharama halisi. Mtu anakadiria gharama ya usafishaji kwa bei za leo, kisha anapunguza kwa riba ya benki ya asilimia 10 ambayo ndani yake kuna mfumuko wa asilimia 6. Riba halisi ni 1.10 gawanya kwa 1.06, yaani asilimia 3.8 tu. Kosa hili pekee linaweza kuufanya mzigo uonekane mdogo mara kadhaa, na halionekani mpaka uulize "bei hizi ni za mwaka gani?"

Kutumia kiwango cha mwekezaji kwa uamuzi wa taifa. Mwekezaji ana haki ya kudai asilimia 10 kwa fedha yake. Hana haki ya kupunguza kwa asilimia 10 maji ya mtu atakayezaliwa miaka 80 ijayo.

Kusahau kiwango kinatokana na nini. Kwa jamii, fomula ya Ramsey ni: papara ya kupenda leo, jumlisha (kipimo cha jinsi shilingi ya ziada inavyopungua thamani kwa aliye tajiri, mara kasi ya ukuaji wa matumizi). Ripoti ya Stern ya 2006, kuhusu uchumi wa mabadiliko ya tabianchi, iliweka 0.1 + 1 × 1.3, ikapata asilimia 1.4. Mchumi William Nordhaus kwa wakati ule alitumia 1.5 + 2 × 2, asilimia 5.5. Madhara ya milioni 1 baada ya miaka 100 ni kama 249,000 leo kwa asilimia 1.4, kwa asilimia 7, ambayo miradi mingi huitumia, ni 1,152. Lakini tazameni sehemu ya pili ya fomula. Tunawapunguzia wajukuu *kwa sababu* tunadhani watakuwa matajiri kuliko sisi. Kama BintiTakwimu ameonyesha utajiri kwa kila mtu unashuka, haki ya kuweka ukuaji wa asilimia 2 humo imetoka wapi? Ukuaji ukiwa hasi, kiwango chenyewe kinaweza kuwa hasi.

Kuchukua wastani wa viwango. Ikiwa hujui kama kiwango sahihi ni 1 au 7, usitumie 4. Wastani hufanywa kwenye vigawo vya punguzo, yaani namba unayozidisha na fedha ya baadaye kupata thamani yake ya leo. Kwa miaka 100, kigawo cha asilimia 1 ni 0.3697, cha asilimia 7 ni 0.00115, wastani ni 0.1854, ambao ni sawa na kiwango cha asilimia 1.7. Tofauti na kutumia 4 moja kwa moja ni zaidi ya mara 9. Huu ndio msingi wa hoja ya mchumi Martin Weitzman kwamba kadiri unavyotazama mbali, kiwango cha chini ndicho kinachotawala. Uingereza imeliweka hili kwenye mwongozo wake wa miradi ya serikali: asilimia 3.5 kwa miaka 30 ya kwanza, 3 hadi mwaka wa 75, 2.5 hadi wa 125, na kuendelea kushuka mpaka 1 baada ya miaka 300.

Kuganda kwa bei ya mazingira. Bidhaa za viwandani zikiongezeka asilimia 2 kwa mwaka na maji safi yasiongezeke, maji yanazidi kuwa adimu, na thamani yake lazima ipande. Kasi ya kupanda ni tofauti ya ukuaji gawanya kwa urahisi wa kubadilisha kimoja kwa kingine. Urahisi ukiwa 0.5, ni asilimia 4 kwa mwaka, inayotosha kufuta kabisa punguzo la asilimia 4.

Kwa bwawa lenyewe, usiishie kwenye karatasi. Dai dhamana ya fedha taslimu au ya benki sasa hivi (kwa machimbo mapya, kabla jiwe la kwanza halijachimbwa), ya bilioni 38 kwa faida halisi ya asilimia 3, na ikadiriwe upya kila baada ya miaka michache. Dhamana inayolipwa "kutoka kwenye faida ya miaka ya mwisho" mara nyingi hailipwi, kwa sababu miaka ya mwisho ndiyo ambayo machimbo huwa hayana faida.

---

Nyavu_na_Mizani amejibu:

Nimefuata uzi wote na hesabu ziko sawa, lakini zina dhana moja iliyojificha: kwamba kila kitu kina mbadala. Ukiuza msitu ukajenga bandari, jumla haikubadilika. Kwa madini, sawa. Kwa vitu vinavyojizalisha, si sawa, kwa sababu vina kizingiti, na chini ya kizingiti bei haina la kufanya.

Nitaonyesha kwa samaki. Ziwa linaweza kubeba tani 100,000 na kasi ya kuzaana ni 0.4 kwa mwaka. Ongezeko la mwaka ni 0.4 × akiba × (1 − akiba/100,000). Ongezeko kubwa kuliko yote hupatikana akiba ikiwa nusu, tani 50,000: linakuwa tani 10,000. Sasa mtaalamu akadirie juu kidogo, kibali kitoke cha tani 12,000. Kosa la asilimia 20 tu. Fuateni akiba kila mwisho wa mwaka:

Mwaka 1: 48,000
Mwaka 5: 39,500
Mwaka 8: 31,400
Mwaka 10: 24,100
Mwaka 12: 13,700
Mwaka 13: 6,400
Mwaka 14: samaki waliopo hawafiki hata tani 12,000 za kibali. Mwisho.

Kwa miaka 13 mfululizo Pato la Taifa limeandika tani 12,000, bila kutetereka hata mara moja. Akiba ilipungua robo tu hivi katika miaka sita ya kwanza, kiasi ambacho kipimo cha kawaida hakikioni. Mbaya zaidi, kipimo ambacho wengi hukitegemea, yaani kilo kwa kila safari ya mtumbwi, hudanganya: samaki wakipungua hujikusanya mahali pachache, na wavuvi wenye vifaa vya kuwatafuta hupafuata. Wastani unabaki mzuri huku ziwa likiisha. Hilo lilichangia makosa ya makadirio ya chewa wa Newfoundland, Kanada. Uvuvi huo ulifungwa Julai 1992, makumi ya maelfu ya watu wakakosa kazi, na marufuku ya chewa wa kaskazini haikuondolewa mpaka 2024. Riba gani ingewarudisha?

Dawa ni kanuni inayojirekebisha. Badala ya tani maalumu, ruhusu *sehemu* ya akiba. Katika mfano huu chukua asilimia 20 ya samaki waliopo: akiba ikiwa 50,000 unapata tani 10,000 zile zile, lakini ikishuka hadi 40,000 kibali kinashuka chenyewe hadi 8,000 huku ongezeko likiwa 9,600, kwa hiyo ziwa linapanda tena. Weka na kikomo: chini ya tani 20,000, funga. Kikomo kiandikwe kwenye sheria kabla ya tatizo, kwa sababu siku kitakapofikiwa shinikizo la kukihamisha litakuwa kubwa mno.

Udongo ni hivyo hivyo. Milimita moja ikiondoka kwenye hekta ni mita za ujazo 10, tani 12 au 13. Unaojitengeneza kwa mwaka mara nyingi haufiki hata tani 2. Wanaohesabu hasara hiyo kwa bei ya mbolea ya kurudishia naitrojeni na fosforasi wanasahau kwamba mbolea hairudishi kina cha kushika maji.

Kwa hiyo, ndugu Mzani, kwenye ripoti yako tenga safu mbili. Moja ya vitu vinavyoruhusiwa kubadilishwa kwa fedha, uvihesabu kama Daftari na Kokotoo walivyoeleza. Ya pili ya vitu visivyobadilishwa: viandike kwa tani, hekta na lita, kila kimoja na kikomo chake. Usivijumlishe na ya kwanza kamwe.

---

Daftari_la_Mali:

Nalipokea hilo la safu mbili. Bilioni 40 zangu za msitu ni za magogo tu. Maji na udongo havimo.

Niongeze moja kwa wale wanaosema ufanisi utatuwezesha kukua bila kuchafua. Inawezekana, ila wafanye hesabu. Pato likikua asilimia 3 kwa miaka 25 linakuwa mara 2.09. Ukitaka hewa ukaa ipungue nusu katika muda huo, kiasi kinachotoka kwa kila shilingi ya pato lazima kishuke hadi asilimia 24 ya cha leo, yaani asilimia 5.6 *kila mwaka*, bila kukosa. Kushuka kwa asilimia 2 kwa mwaka kunasifiwa sana, kumbe kwa ukuaji huo uchafuzi bado unapanda. Na uhesabu uchafuzi wa bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, la sivyo utafunga kiwanda hapa, ununue kilichotengenezwa kule, na kujipongeza.

---

Mzani:

Nimeelewa, nashukuru wote. Swali la mwisho. Kati ya haya yote, takwimu dhaifu kuliko zote nilizonazo ni za msitu: hizo milioni 5 na milioni 3 ni makadirio ya zamani. Naanzia wapi kuzipima upya?

---

BintiTakwimu:

Anza na picha za setilaiti za bure. Landsat ina kumbukumbu tangu 1972, na Sentinel-2 tangu 2015 kwa ukubwa wa mita 10. Zitakupa eneo lililofyekwa. Hazitakupa ujazo, na hapo ndipo watu hukosea: msitu uliotolewa miti minene mmoja mmoja bado unaonekana wa kijani kutoka juu, ilhali nusu ya ujazo imekwenda.

Kwa hiyo shuka ardhini. Gawa msitu kwa aina, kisha chagua viwanja vya sampuli kwa bahati nasibu ndani ya kila aina. Usichague vilivyo karibu na barabara, kwa sababu ndivyo vilivyokatwa zaidi. Kiwanja cha duara chenye nusu-kipenyo cha mita 15 ni mita za mraba 707, hivyo unazidisha kwa 14.15 kupata hekta. Pima kipenyo cha kila mti kwa urefu wa mita 1.3 kutoka chini. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Ujazo wa mti mmoja kwa makadirio ni eneo la mkato wa shina, mara urefu, mara 0.5: mti wa sentimita 40 wenye urefu wa mita 20 ni 0.1257 × 20 × 0.5, takriban mita za ujazo 1.26. Kigezo cha 0.5 kitahitaji kusahihishwa kwa aina ya miti uliyonayo.

Weka alama ya chuma ardhini katikati ya kila kiwanja na uandike namba kwenye kila mti. Urudi baada ya miaka mitano upime miti ile ile. Tofauti ya miti iliyosimama, pamoja na michipukizi iliyofikia kipenyo cha kupimwa, ndiyo ukuaji. Visiki vipya ndivyo uvunaji. Miti iliyokufa yenyewe iweke safu yake, usiichanganye na iliyokatwa. Usiweke rangi inayoonekana kwa mbali kwenye miti ya viwanja, kwa sababu wavunaji wakiijua wataikwepa, na viwanja vyako vitakuonyesha msitu mzima ambao nje ya duara haupo.